Gari la Haibridi Linapozeeka: Utunzaji na Matengenezo Yake



Kwa miaka kadhaa sasa vyama vyetu vya msingi vimekuwa vikinunua magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, kwa ajili ya kazi za ofisi: kuzungukia vituo vya kununulia pamba, kupeleka hati benki, na kuwachukua wajumbe wa Bodi kwenda mikutanoni. Miongoni mwa magari hayo yamo yale ya haibridi, yaani yanayokwenda kwa petroli na umeme kwa pamoja. Vyama vimeyapenda kwa kuwa hayali petroli nyingi, na jambo hilo ni kweli. Lakini mengi yao yalishuka bandarini Dar es Salaam yakiwa tayari na umri wa miaka kumi au zaidi, na sasa uzee wao unatukuta sisi.

Swali linaloletwa karakanani mara nyingi kuliko yote ni hili: taa imewaka, fundi wa mjini amesema betri kubwa imekufa, je, chama kinunue nyingine au kiliuze gari? Fedha inayozungumzwa hapo ni ushuru wa wakulima, wala si fedha ndogo. Makala haya yanakusudia kuwasaidia Makatibu Meneja na wajumbe wa Bodi waweze kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia saini, na pia kuwaonya mafundi wetu vijana juu ya umeme ulio ndani ya magari haya, ambao unaua.

Kwanza tuelewe gari lenyewe. Prius ya kwanza ya kampuni ya Toyota ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, nayo ndiyo iliyofungua njia kwa magari ya namna hii kutengenezwa kwa wingi. Zinazofika kwetu zaidi ni Prius za kuanzia mwaka 2003 hadi 2009, zenye injini ya lita 1.5, Prius za kuanzia mwaka 2009 hadi 2015, zenye injini ya lita 1.8, na Aqua, gari dogo zaidi lililotoka mwezi Desemba 2011. Zote tatu zina mpango mmoja. Ndani ya giaboksi mna mota mbili za umeme zilizounganishwa na injini kwa seti ya gia zinazozungukana. Hakuna klachi. Hakuna staata ya kawaida wala altaneta, kwa sababu mota moja ndiyo inayowasha injini na kuzalisha umeme, na ya pili ndiyo inayosukuma magurudumu. Dereva anapopunguza mwendo, mota hiyo ya pili hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme betrini. Umeme huo husimamiwa na chombo kinachoitwa inveta, kilichokaa chini ya boneti, ambacho hugeuza umeme wa betri kuwa wa namna inayotakiwa na mota.

Kwa hiyo gari hili lina vitu vichache vya kuchakaa kuliko watu wanavyodhani. Vile vinavyosababisha kiyoyozi na pampu kuzunguka kwa mikanda, katika Prius za kuanzia 2009 havimo kabisa. Injini haina hata mkanda mmoja wa nje. Gari la haibridi lililotunzwa vizuri laweza kwenda kilometa nyingi sana. Tatizo ni neno hilo la katikati, lililotunzwa.

Sasa tuje kwenye betri kubwa. Katika Prius za aina mbili tulizozitaja, betri hiyo imekaa nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma, nayo imeundwa kwa vipande 28 viitwavyo moduli. Kila moduli ina seli sita za volti 1.2, hivyo moduli moja ni volti 7.2, na zote kwa pamoja ni volti 201.6. Aqua ina moduli 20, jumla yake volti 144, na betri yake iko chini ya kiti. Seli zenyewe ni za nikeli, si za risasi kama betri tulizozizoea, wala si za lithiamu kama za simu. Umeme unaotunzwa humo si mwingi: betri ya Prius iliyo mpya hubeba kiasi cha yuniti moja na robo tu, za zile tunazonunua kwa LUKU. Kazi yake si kulipeleka gari mwendo mrefu, bali kupokea na kutoa umeme haraka haraka, mamia ya mara kwa siku. Kompyuta ya gari huilinda isijae kabisa wala isiishe kabisa.

Kazi hiyo ya kupokea na kutoa huzalisha joto, na joto ndilo adui wa seli za nikeli. Watengenezaji waliweka feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, wanakokaa abiria, na kuipitisha kati ya moduli. Tundu la kuvutia hewa hiyo liko kando ya kiti cha nyuma, nalo lina wavu wa plastiki ambao wengi hudhani ni urembo au ni spika ya redio. Japani na Marekani feni hizo huzibwa na manyoya ya mbwa na paka wanaosafirishwa na wenye magari. Sisi hatusafirishi paka, lakini tuna kitu kibaya zaidi: nyuzi za pamba.

Mjumbe yeyote aliyekaa katika kituo cha kununulia mwezi wa Julai anazijua nyuzi hizo. Huganda kwenye nguo, huingia na viatu, na hukaa juu ya viti. Gari linapotembea madirisha yakiwa wazi katika barabara ya vumbi, feni huvuta vumbi na nyuzi kwa pamoja, navyo hushikana kama blanketi jembamba juu ya mapezi yake. Feni huendelea kulia, lakini hewa haipiti. Zaidi ya hayo, tumeona magari ambamo magunia ya sampuli au mashuka ya kufungia pamba yamewekwa kiti cha nyuma, yakaliziba tundu lote kwa safari nzima. Moduli za katikati ya betri, ambazo hupata joto kuliko wenzake wa pembeni, ndizo huanza kufa.

Tutaeleza kisa kimoja, kwa kuwa kosa lililomo ni letu sisi wa karakana.

Katika msimu wa ununuzi wa mwaka 2023 chama kimoja cha msingi kilituletea Prius ya mwaka 2010 ambayo alama ya pembetatu ilikuwa imewaka. Kipimo cha kompyuta kilionyesha namba P0A80, ambayo maana yake ni kwamba betri kubwa ibadilishwe. Bodi ilikuwa na akiba iliyotengwa kwa ajili ya kuezeka ghala upya, na ilikuwa ikijadili kama itaitumia akiba hiyo. Tuliifungua betri, tukakuta feni imezibwa na pamba kabisa, na moduli moja imekufa. Tukawaambia wajumbe kwa furaha kwamba hakuna haja ya kununua betri nzima. Tukatoa moduli moja kutoka betri ya gari lililopinduka, tukaiweka, tukasafisha feni, gari likaondoka likiwa halina taa hata moja.

Baada ya miezi minne likarudi. Safari hii moduli mbili nyingine zilikuwa zimekufa, tukazibadilisha. Mara ya tatu gari lilizimika jioni, mbali na barabara kuu, likiwa na Katibu Meneja na vitabu vya mizani ndani yake, na lililala huko siku mbili. Tulipozipima moduli zote 28 moja moja, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza, tulikuta 11 haziwezi kushika hata nusu ya umeme unaopaswa kushikwa na moduli iliyo nzima. Chama kililazimika kununua seti nzima ya moduli mpya. Ukijumlisha gharama za mara tatu, pamoja na kukodi gari la kuvutia, kililipa zaidi ya kile ambacho kingelipa mara moja. Fedha za mabati ndizo zilizotumika, na ghala likaingia masika na paa lile lile la zamani.

Kisa hicho kinaonyesha tabia ya betri hizi. Moduli zote zilizaliwa siku moja na zimefanya kazi moja kwa joto lile lile. Ya kwanza inapokufa kwa uzee, zinazofuata hazipo mbali. Ukiweka moduli ngeni kati ya zilizochoka, ile ngeni hujaa na kuishiwa kwa mwendo tofauti na wenzake, na kompyuta ambayo hulinganisha moduli mbili mbili huiona tofauti hiyo na kuwasha taa tena. Kubadilisha moduli moja kunafaa pale tu ambapo betri ni changa na moduli hiyo imeharibika kwa sababu maalumu, au pale ambapo zote zimepimwa na zilizosalia zimeonekana ni imara. Fundi anayeahidi kubadilisha moduli moja bila kuzipima zote, anauza muda mfupi kwa bei ya muda mrefu. Na yuko mwingine aliye mbaya zaidi: yule anayefuta namba ya kosa kwa kompyuta yake na kukurudishia gari likiwa safi kwenye dashibodi. Taa hiyo itarudi, pengine kabla hujafika nyumbani. Wakati wa kununua gari la mkono wa pili jihadharini sana na ujanja huo.

Upimaji wenyewe si mgumu. Bila kufungua betri, kipimo cha kompyuta chenye programu inayofaa huonyesha volti za kila jozi ya moduli. Prius ina jozi 14. Mmoja aendeshe na mwenzake asome. Gari linapopanda mlima, volti za jozi zote hushuka. Linapofunga breki, zote hupanda. Zinapaswa kushuka na kupanda pamoja, kama watu wanaovuta kamba moja. Jozi inayoshuka kwa volti moja au zaidi chini ya wenzake kila mara gari linapovuta, hiyo ina mgonjwa. Betri ikishafunguliwa, kila moduli hupimwa ikiwa imepumzika, kisha huunganishwa na taa ya mbele ya gari kwa dakika mbili na kupimwa tena. Moduli ambayo iko chini ya wenzake kwa kiasi cha volti moja na kidogo, seli yake moja imekufa. Zile zinazoshuka sana zikiwa na taa, zimechoka ingawa hazijafa. Yote yaandikwe kwenye karatasi kwa namba ya moduli, na karatasi hiyo apewe mwenye gari. Bodi ina haki ya kuiona kabla ya kulipa.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kuihukumu betri. Moduli huunganishwa kwa vipande vya shaba, na shaba hiyo hushika kutu ya kijani, hasa kwa magari yaliyokaa mahali penye unyevu. Kutu ikipanda kwenye nyaya nyembamba za kupimia, kompyuta husoma volti za uongo. Tumewahi kupokea betri iliyohukumiwa kufa ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa ni kutu. Vipande hivyo husafishwa ving'ae, au hubadilishwa, na kila nati hukazwa kwa spana ya kipimo; kukaza kupita kiasi huvunja uzi wa nati uliomo ndani ya plastiki, na moduli nzima ikawa hasara.

Hapa hatuna budi kusimama na kusema juu ya hatari. Volti 200 za betri hii si mzaha, na inveta huzipandisha zaidi, hadi 500 katika Prius za kuanzia 2003 na 650 katika zile za kuanzia 2009. Nyaya zote zinazobeba umeme huo zina rangi ya machungwa. Mtu asiyefundishwa asiguse waya wa rangi hiyo, asiukate, asiuchomelee karibu. Nyaya hizo hupita chini ya sakafu ya gari, kwa hiyo dereva aliyegonga jiwe kwa tumbo la gari (na magari haya yako chini, kiasi cha sentimeta 14 tu kutoka ardhini) aliripoti jambo hilo hata kama gari linaendelea kwenda.

Kabla ya kuifungua betri, gari huzimwa, ufunguo huwekwa mbali, waya hasi wa betri ndogo hutolewa, kisha plagi ya usalama ya rangi ya machungwa iliyopo kwenye betri kubwa huchomolewa na fundi huiweka mfukoni mwake mwenyewe, ili mwingine asije akairudisha. Husubiriwa dakika kumi, kwa sababu ndani ya inveta mna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuzima. Kisha hupimwa kwa mita kabla ya kugusa. Glavu ziwe za mpira wa kuzuia umeme, zilizoandikwa kuwa zinafaa kwa volti 1,000, na kila siku zipulizwe hewa na kukunjwa ili kuona kama zina tundu. Glavu za kufulia hazifai. Saa, pete na cheni zivuliwe. Awepo mtu wa pili anayetazama, asiyefanya kazi nyingine. Na fundi akumbuke kwamba kuchomoa plagi hakuui betri. Huikata vipande viwili tu, na kila kipande kina umeme wake kama kawaida. Wakati wa kurudisha, mkono wa plagi usukumwe mpaka mwisho na kufungwa. Wengi wamehangaika nusu siku na gari lisilowaka, kumbe mkono huo haukufungwa.

Maji yaliyomo ndani ya moduli ni alkali kali inayounguza ngozi na macho. Yakimwagika huoshwa kwa maji mengi. Moduli zinapochajiwa nje ya gari sharti zibanwe pamoja kama zilivyokuwa, kwani zikiachwa huru huvimba na kuharibika. Zilizokufa zisitupwe shambani wala kuchomwa. Zikusanywe na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaojua thamani ya nikeli.

Baada ya kusema hayo yote juu ya betri kubwa, yafaa ieleweke kwamba magari mengi yanayoletwa kwetu yakiwa hayawaki, yana ugonjwa wa betri ndogo. Gari la haibridi lina betri ya kawaida ya volti 12 iliyo sehemu ya nyuma, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ikichoka, gari huonyesha maajabu: taa zote za hatari huwaka pamoja, milango hukataa kufunguka, neno READY halitokei. Fundi asiyejua huona taa nyingi na kutamka betri kubwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupimwa, kabla ya chochote, ni betri hii ndogo. Ikiwa imepumzika na imejaa inapaswa kusoma volti 12.6 hivi. Ukinunua nyingine, iwe ya aina ile ile iliyofungwa, yenye bomba la kutolea hewa nje, kwa kuwa imekaa humo humo walimo abiria. Kuazima umeme kutoka gari jingine kunaruhusiwa, lakini kugeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja kwaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa. Na haibridi isitumike kuliwasha lori lililozimika. Ombi hilo hutolewa kila msimu, na ni vigumu kumnyima jirani, lakini lori huvuta umeme ambao gari hili halikuundwa kuutoa.

Inveta nayo ina maji yake ya kupoza, tofauti na ya injini, yenye chupa yake na pampu yake ya umeme. Katika Prius za kuanzia 2003 pampu hiyo imejulikana kuharibika; mwaka 2012 Toyota yenyewe iliyaita magari mengi kurudi ili, pamoja na marekebisho mengine, baadhi yao yabadilishwe pampu hiyo. Kuipima ni rahisi: gari likiwa kwenye READY, fungua kifuniko cha chupa ya inveta na utazame. Maji yakichemka-chemka juu kwa kuzunguka, pampu hai. Yakitulia kama ya mtungi, zima gari mara moja. Maji ya bomba au ya kisima yasitiwe humo kamwe. Itumike kulanti iliyoagizwa na mtengenezaji, na hewa itolewe yote baada ya kujaza.

Kwa Prius za kuanzia 2009, sisi tunaiogopa injini kuliko betri. Injini hizo hurudisha sehemu ya moshi ndani ili kupunguza joto la uchomaji, na moshi huo hupita kwanza katika kipozeo chenye vijitundu vidogo. Baada ya miaka mingi vijitundu hivyo huzibwa na masizi, joto la silinda huongezeka, na mwishowe gasketi ya silinda hedi huachia. Dalili zake ni mbili na ni rahisi kuzipuuza: gari hutetemeka sana kwa sekunde chache linapowaka asubuhi, kisha hutulia; na kulanti hupungua bila kuonekana inapovujia. Dereva aliyeona mojawapo asingoje. Kipozeo hicho na njia za hewa zinazoingia injini hufunguliwa na kusafishwa, kazi ya siku moja. Gasketi ikiisha kuachia, ni kazi ya wiki, na pengine injini nyingine. Injini hizi pia hutaka oili nyepesi, 0W-20, na ibadilishwe kwa wakati hata kama gari huonekana kuwa limetembea kwa umeme nusu ya safari. Kwa vumbi letu kichujio cha hewa kikaguliwe kila mwezi.

Oili ya giaboksi haitajwi sana katika vitabu, na wapo wanaosema haibadilishwi maisha. Sisi tunaibadilisha kila kilometa 80,000 hivi. Ni aina ya WS ya Toyota, haifiki lita nne, na ile inayotoka huwa nyeusi kiasi cha kumshangaza mwenye gari. Breki nazo hudumu sana kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, lakini kwa kutotumika pini zake hukauka na kushika kutu; zifunguliwe na kupakwa grisi mara moja kwa mwaka. Mabomba ya breki yasifunguliwe na fundi asiye na kipimo cha kompyuta, kwani kutoa hewa katika mfumo huo kwa kukanyaga pedali peke yake hakutoshi.

Kuhusu uendeshaji tuna machache. Katika foleni ya kinu cha kuchambua pamba madereva hupenda kuweka gia ya N na kuacha kiyoyozi kikiendelea. Gari likiwa kwenye N haliichaji betri kubwa hata injini ikiwaka, na betri huishiwa hapo hapo penye foleni. Wekeni P. Katika barabara ya vumbi fungeni madirisha na muwashe kiyoyozi; petroli itakayotumika ni kidogo, na hewa baridi ya abiria ndiyo hewa ya betri. Gari lisiachwe miezi mingi bila kuwashwa baada ya msimu, kwani seli za nikeli hupoteza umeme zikiwa zimelala. Kila wiki mbili liwashwe na kuzungushwa nusu saa. Likizimika njiani lisiburutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa maana mota huzunguka nayo na kuzalisha umeme usiosimamiwa. Linyanyuliwe mbele, au lipakiwe juu ya lori. Na kwa kuwa gari likiwa kwenye READY huwa kimya, dereva asiliache hivyo na kushuka: injini hujiwasha yenyewe wakati wowote, hata fundi akiwa na mkono ndani ya boneti, na gari laweza kuondoka bila sauti. Jambo dogo zaidi: maonyo mengi katika magari haya huandikwa kwa Kijapani. Dereva apige picha ya dashibodi kwa simu kabla ya kuzima, na picha hiyo ije pamoja na gari.

Je, chama kitengeneze au kiuze? Tuna maoni, na Bodi zina uhuru wa kuyakataa. Ikiwa injini haipotezi kulanti, inveta ni nzima na bodi ya gari haijaliwa na kutu, betri yenye seti nzima ya moduli mpya italirudishia gari miaka kadhaa ya kazi, na gharama hiyo ni halali kuwekwa kwenye makisio na kupelekwa Mkutano Mkuu. Ikiwa betri na gasketi vimekwisha kwa pamoja, gari liuzwe kama lilivyo na mnunuzi aelezwe ukweli. Kilicho kibaya ni njia ya katikati, ya kulipa kidogo kidogo kwa dharura kila msimu, ambapo hakuna anayejumlisha mpaka mkaguzi wa hesabu anapofika.

Karakana itapokea magari ya haibridi ya vyama kwa ukaguzi kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa ununuzi. Kila gari lije na daftari lake la safari, kumbukumbu za matengenezo yaliyopita na, kama betri iliwahi kufunguliwa mahali pengine, karatasi ya vipimo vya moduli. Chama ambacho hakikupewa karatasi hiyo na fundi wake kiidai sasa. Viti vya nyuma vije vimeondolewa mizigo, ili tuanze na feni.